Mupunga unapumuzika saa sita, na mukulima je?



Kiangazi kimeingia. Katika bonde la Ruzizi, toka Kamanyola kushuka mpaka Uvira, mvua imekatika na kila mutu yuko mbioni: kukata mupunga, kuupiga, kuuanika, kuupima, kulipa deni la mbegu, kutafuta minervali ya watoto kabla ya Septemba. Ndio wakati pesa inaonekana. Ndio wakati pia jua linapiga bila wingu la kulizuia, visima vinashuka, na moto wa majani unatembea na upepo.

Kijarida hiki kimezoea kuwaletea habari za mbegu, mbolea na bei. Leo tunatoa wazo, na tunajua kuna wanaolikataa, kwa sababu tumelisema kwenye mikutano na majibu tumeyasikia. Wazo lenyewe ni hili: maji ya kunywa, kivuli na saa ya kupumuzika ni vyombo vya kazi vya koperative, sawa vile mizani, mifuko na shitingi. Vinunuliwe na sanduku la koperative, vipangwe na komite, visiachiwe kila mutu ajitafutie kwake.

Tuanzie kwenye mupunga, maana kwenye mupunga hatubishani.

Agronomu wamekwisha kuwaambia namna ya kuanika. Mupunga unatandazwa kwa unene wa vidole viwili au vitatu, unageuzwa kila mara, na jua linapokuwa kali kabisa katikati ya muchana unafunikwa au unakusanywa kivulini. Sababu yake mwaijua. Punje ikikauka mbio kupita kiasi, sehemu ya inje inakauka wakati ya ndani ingali na maji, na punje inapata nyufa ndogo ambazo macho hayazioni. Nyufa zile zinaonekana baadaye, kwenye mashini ya kukoboa: muchele unatoka vipande vipande. Mununuzi anachota kiganja kimoja, anatazama, anashusha bei. Wengi wenu mumekwisha kupoteza pesa kwa njia hiyo, ndiyo maana siku hizi saa sita ikifika, kwenye uwanja wa kuanikia shitingi zinakunjwa. Mupunga unapumuzishwa.

Halafu mama aliyekuwa anaugeuza anaitwa aende kubeba mifuko kwenye mizani.

Hapo ndipo tunauliza. Tumeelewa kwamba jua la saa sita linapasua punje, lakini mutu tunamuacha ndani ya jua lile lile, kana kwamba yeye ni mugumu kuliko punje. Mwili unaofanya kazi nzito unatengeneza joto lake wenyewe, na joto la jua linaongezeka juu yake. Dawa ya mwili ni jasho. Jasho linatoka na maji na chumvi, na kama maji hayarudishwi, jasho linapunguka, joto linabaki ndani. Kwanza kichwa kinauma, mutu anakasirika bure, misuli ya miguu inakaza, mukojo unakuwa muchache na wenye rangi ya chai. Baadaye kizunguzungu na kutapika. Akiendelea, anafika pale ambapo ngozi ni ya moto sana, maneno yanachanganyika, hajui tena yuko wapi. Hapo si uchovu. Mutu wa namna hiyo anaweza kufa katika saa chache, hata kama ni kijana mwenye nguvu.

Huku kwetu kila kichwa kinachouma kinaitwa malaria. Mutu anaanguka shambani saa 7, jioni anameza vidonge alivyouziwa dukani, kesho asubuhi anarudi juani. Malaria iko kweli, hata wakati wa kiangazi, zaidi sana penye mifereji na mashamba ya maji kama yetu. Ndiyo maana kuna kipimo cha haraka cha tone moja la damu: homa ipimwe, isikisiwe. Mutoto mudogo au mama mwenye mimba akishikwa na homa apelekwe sante siku ile ile, bila kungoja. Lakini mukulima aliyeanguka ndani ya jua, kabla ya kumutafutia vidonge, mumutoe juani. Mumulaze kivulini, mumulegeze nguo, mumumwagie maji mwili wote, mumupepee. Kama ana akili zake, mumupe maji kidogo kidogo. Kama maneno yake hayaeleweki au amezimia, musimunyweshe kitu, kisije kikaingia kwenye mapafu. Endeleeni kumupooza hata akiwa juu ya moto njiani kwenda sante.

Kuna kundi moja ambalo komite zinalisahau: vijana wanaoshuka toka milimani, kule kwenye baridi, kuja kukata mupunga kwa kibarua. Wanakuja na nguvu nyingi na wanataka kurudi nyumbani na pesa. Mwili wao haujazoea joto la bonde. Kuzoea kunaomba kama wiki moja mpaka mbili. Tena tunawalipa kwa mufuko, kwa hiyo hakuna anayetaka kuacha kazi wakati mwenzake anaendelea. Hatusemi malipo kwa mufuko yafutwe. Tunasema siku 3 au 4 za kwanza mugeni asiwekwe kwenye shamba la mbali lisilo na muti, na apangwe pamoja na mwenyeji atakayemuambia "kaa chini kwanza".

Sasa habari ya saa. Wazo la "anzeni mapema, mupumuzike muchana" linasemwa kirahisi na watu ambao hawajawahi kukata mupunga. Wanamemba wametujibu mambo mawili ya kweli. La kwanza ni umande. Asubuhi mupunga umelowa. Ukiupiga au kuupima ukiwa na umande, unaharibika kwenye depo na mununuzi anaukataa. La pili ni usalama. Kumuambia mama atoke saa 10 ya usiku, peke yake, apite njia ya shamba, ni kumutuma kwenye hatari kubwa kuliko jua. Hilo hatuwezi kuliandika kwenye kijarida hiki, na koperative yoyote isiliandike kwenye programu yake.

Kwa hiyo saa tunazopendekeza ni hizi. Kukata kuanze kunapopambazuka, watu wakienda kwa kundi, mpaka kama saa 4 na nusu. Kukata hakuogopi umande sawa kupiga. Mupunga uliokatwa ubaki ukikauka pale shambani. Toka saa 5 na nusu mpaka saa 8 na nusu, pasiwe kazi ya nguvu: hiyo ndiyo saa ya kula, kushona mifuko, kuandika daftari, kulala kidogo. Mashini ya kupiga mupunga iwake saa 9, wakati umande umekwisha zamani na jua limeanza kuinama. Mizani ifunguliwe saa 9 na nusu, ifungwe mapema ili kila mutu afike nyumbani kungali mwangaza. Uwanja wa kuanikia utaomba mutu wa kukusanya na kufunika saa sita. Hiyo iwe kwa zamu, dakika chache kila mutu, si mama mumoja siku nzima.

"Na mununuzi je? Anakuja na lori yake saa anayotaka." Ni kweli, na mukulima mumoja hawezi kumuambia kitu. Lakini koperative ilianzishwa kwa ajili gani, kama si kwa mambo ambayo mutu mumoja hawezi kuyasema? Lori inayokuja kuchukua tani kadhaa inaweza kuambiwa tangu wiki iliyotangulia kwamba mizani inafunguliwa saa 9 na nusu. Mununuzi anataka mupunga. Atanung'unika, halafu atakaa chini ya muembe sawa wengine.

Tufike kwenye maji, na hapa tutakaa kidogo.

Mutu anayefanya kazi nzito juani anahitaji kama glasi moja kila dakika 20, hata kabla ya kusikia kiu. Tuseme lita moja kwa saa, ili hesabu iwe nyepesi. Kundi la watu 20 likikata kwa saa 4, linahitaji lita 80, maana yake bidoni 4 za lita 20. Tumepita kwenye mashamba mengi ya koperative wakati wa mavuno. Bidoni tunayoikuta mara nyingi ni moja, na imekwisha kuisha saa 3. Baadaye watu wanakunywa wapi? Kwenye mufereji.

Maji ya mufereji yamepita kwenye mashamba ya watu wengine, yamepita penye ng'ombe wananywa, penye nguo zinafuliwa, penye watoto wanajisaidia. Kuingia ndani yake tu kunaweza kuleta bilarizi, ule mududu unaotoboa ngozi. Kuyanywa kunaleta kuhara, na katika eneo letu kuhara kunaweza kuwa kolera. Pwani zetu za ziwa zimeishi na kolera kwa miaka mingi. Haihitaji kutoka mbali. Watafiti waliofuatilia hesabu za muji wa Uvira kati ya 2009 na 2014 waliona jambo ambalo akina mama wa kule wangeweza kuwaambia bila hesabu: bomba likikauka siku moja, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa wanaongezeka sana kule wanakotibiwa kolera. Watu hawakuwa wamesahau usafi kwa ghafula. Maji yalikosekana, wakaenda kuchota ziwani na mutoni.

Hiyo ndiyo sababu hatupendi mafundisho ya afya yanayomugombeza mukulima. Anajua kwamba maji machafu ni mabaya. Swali ni nani aliyemuletea mazuri pale alipo, saa 5 asubuhi, kilometa 3 toka kijijini.

Njia ziko. Ya kwanza ni klori, ya vidonge au ya maji, inayouzwa kwenye duka za dawa na mara nyingine inatolewa na sante. Kipimo kimeandikwa kwenye paketi, na paketi hazifanani, kwa hiyo asiyejua kusoma asomewe. Kabla ya kuitia, maji yenye matope yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nyingi. Klori haifanyi kazi yake vizuri ndani ya matope. Halafu mungoje nusu saa ndipo munywe. Harufu ile kidogo ndiyo alama kwamba dawa ingali ndani, si sumu, hata kama wengine wanasema inazuia uzazi. Haizuii.

Ya pili haiombi pesa, na kiangazi ndicho kinaisaidia. Chupa za plastiki zisizo na rangi, za lita 2 au chini yake, zioshwe, zijazwe maji yaliyo mangavu, zifungwe, zilazwe kwenye bati la nyumba toka asubuhi. Saa 6 za jua kamili zinaua vijidudu vinavyoleta kuhara. Kama mawingu yamefunika, muziache siku 2. Chupa 10 leo juu ya bati ni maji ya mashamba ya kesho. Jua lile lile linalotuangusha linaweza kututengenezea maji ya kunywa. Tulifanyishe kazi basi. Kuchemusha nako ni kuzuri, ila kuni zinaombwa na nyumba nzima na musitu umekwisha kuwa mbali, hatuwezi kusema chemusheni bidoni 4 kila siku.

Bidoni za maji ziwe na alama, na zisiwe zimewahi kubeba mafuta ya motopompe au dawa ya wadudu. Harufu ikiisha, sumu haijaisha. Kila mutu awe na kikombe chake. Kopo moja linalozamishwa ndani ya bidoni iliyokatwa mudomo, mikono 20 ikiingia, linaharibu kazi yote ya klori. Na pale penye mizani pawe na choo, na maji ya kunawa pamoja na sabuni, au jivu kama sabuni imekosekana. Koperative nyingi zina depo nzuri ya matofali iliyojengwa kwa musaada, na nyuma yake hakuna choo. Tunalisema hata kama linawahusu pia wanaotoa musaada.

Wengine watasema kasiksi inaondoa kiu. Inaondoa kwa dakika 10, halafu pombe yake inaongeza mukojo. Jioni ni shauri la kila mutu. Saa sita juani, kasiksi haihesabiwi kama maji.

Kama kuhara kumeanza, mugonjwa asingoje gari. Pakiti ya chumvi ya kunywa ya sante ndiyo bora; ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Musizidishe chumvi. Anywe kila mara, hata akitapika, kidogo kidogo, wakati munamupeleka. Koperative iweke kilo ya sukari na pakiti ya chumvi kwenye depo, zifungwe pamoja, zisiguswe kwa chai ya komite.

Maji yakipunguka, chakula nacho kinapata shida. Muhogo muchungu unaomba kulowekwa siku 3 au zaidi ili sumu yake itoke. Wakati wa kiangazi visima vinashuka, njaa au soko linaharakisha, na siku zinakatwa. Huko Kwango, upande wa Kahemba na Popokabaka, na hata hapa Kivu ya Kusini, kuna familia zilizoona matokeo: konzo, ugonjwa unaolemaza miguu kwa ghafula, zaidi sana watoto na akina mama walio katika umri wa kuzaa, na miguu hairudi sawa ilivyokuwa. Unga wa muhogo ulioharakishwa usiingie depo ya koperative, hata kama bei imepanda.

Moto tutausema kwa kifupi. Anayechoma majani ya shamba wakati wa upepo hachomi lake peke yake. Asubuhi na mapema, upepo ukiwa umelala, jirani wakijua, mupaka ukiwa umelimwa: kama hayo matatu hayapo, kiberiti kibaki mufukoni. Na petroli ya mashini isilale ndani ya nyumba ya majani wala karibu na jiko. Watu wa Sange hawahitaji kufundishwa na sisi. Tarehe 2 Julai 2010 lori ya mafuta ilipinduka pale, watu wakakaribia na vyombo, moto ukawaka, na zaidi ya watu 200 wakafa, wengine wakiwa ndani ya nyumba zao.

Dawa ya nyanya na makabichi nayo inapigwa kiangazi hiki hiki. Joto linamufanya mutu avue shati na kitambaa cha mudomo, na ngozi yenye jasho inapitisha sumu kwa urahisi zaidi. Dawa ipigwe alfajiri, mutu akiwa na mikono mirefu, kabla upepo haujaamuka na kabla nyuki hawajatoka, au isipigwe siku hiyo.

Turudi kwenye neno tulilojibiwa kwenye mukutano mumoja, na ambalo tunalisikia kila pahali: "Koperative haiko opitali. Inaanza kununua maji, kesho itanunua nini?" Aliyelisema si mutu mubaya. Anaogopa sanduku litobolewe kwa mambo madogo madogo, na ameona sanduku nyingi zikitobolewa. Tunaheshimu woga huo. Lakini tumuombe afanye hesabu pamoja nasi. Klori ya mavuno mazima, bidoni 4, sabuni, vikombe, shitingi moja ya kivuli: andikeni bei ya soko lenu, jumlisheni. Kwa upande mwingine andikeni siku 5 za mwanamemba mumoja aliyelazwa wakati mupunga umeiva, siku za ndugu aliyeenda kumulinda, moto ya kumupeleka, dawa, na mupunga uliodondoka shambani kwa kukosa mikono. Halafu zidisheni kwa wagonjwa wenu wa kiangazi kilichopita. Majina yao munayajua. Kama hesabu ya kwanza ni kubwa kuliko ya pili, tutaandikia kijarida hiki hiki kwamba koperative yenu imetushinda.

Gharama hiyo leo inalipwa hata hivyo, ila hailipwi na sanduku. Inalipwa na mama. Ndiye anaamuka kabla ya wengine, anachota bidoni kwa ajili ya nyumba, anachota nyingine kwa ajili ya shamba, anakata mupunga sawa mwanaume, na mutoto akiharisha ndiye anabaki kwenye kitanda cha sante. Kiangazi kisima kikishuka, njia yake inakuwa ndefu na muda wa kungoja zamu unakuwa murefu, na wote tunajua yanayoweza kumupata njiani. Kwenye daftari ya koperative kazi hiyo haina mustari. Tunaona iwe nao.

Mumekwisha kuwa na sentineli. Kila koperative tunayoijua inalipa mutu wa kulinda mupunga usiku, na hakuna aliyewahi kusema koperative haiko kambi ya polisi. Tunaomba mulipe pia mulinzi wa maji, mwanamemba mumoja, mwanamke au mwanaume, kwa zile wiki za mavuno tu. Kazi yake ni bidoni 4 zijae kabla watu hawajaingia shambani, klori itiwe kwa kipimo, chupa zilazwe juani, kivuli kifungwe, na saa 5 na nusu apige filimbi. Filimbi yake isikiwe na wote, hata na prezida, hata kama lori ya mununuzi imesimama barabarani inapiga honi.

Komite zinazotaka kulijaribu kiangazi hiki zilitie kwenye mukutano ujao, kabla mizani haijafunguliwa. Mutuandikie kupitia agronomu wenu saa mulizochagua na pesa mulizotoa, na hata kama wanamemba wamekataa, mutuambie walisema nini.